Balozi Aliyekaidi Barua

Masomo ya nyumbani wiki hii: Kutoka 1:15-21, Waebrania 11:32-40

Jumapili tuliangalia habari za Shifra na Pua, wale wakunga wawili waliopewa amri na Farao wakakataa kuitekeleza. Baada ya ibada kijana mmoja alinifuata pale nje, akaniuliza kama kuna mtu wa karibu na siku zetu, tena mwenye kazi ya serikali, aliyewahi kufanya kitu kama hicho. Nilimwambia nitaandika. Basi ndiyo haya.

Mtu ninayetaka mmjue anaitwa Aristides de Sousa Mendes. Alizaliwa tarehe 19 Julai 1885 katika kijiji cha Cabanas de Viriato, Ureno, pacha na nduguye César. Wote wawili walisomea sheria, wote wakaajiriwa kazi ya ubalozi. Msidhani ni mtu wa mbali sana na sisi. Mwaka 1911 alitumwa Zanzibar kuwa balozi mdogo wa nchi yake, akakaa huko miaka kadhaa, na baadhi ya watoto wake walizaliwa kisiwani humo. Yeye na mkewe Angelina walijaliwa watoto 14. (Kumi na wanne! Na sisi hapa Bahati tunalia karo ya watatu.) Alikuwa Mkatoliki, mtu wa sala. Usiweke chini karatasi hii kwa sababu hiyo, ndugu yangu.

Kutoka Zanzibar alizungushwa Brazil, Marekani, Uhispania na Ubelgiji. Mwaka 1938 akapelekwa Bordeaux, Ufaransa. Mwaka huo ndio tunaouhitaji.

Hitler alikuwa ameshaanza kuwafukuza Wayahudi, akiwanyang'anya kazi, mali na uraia. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, huko huko Ufaransa, kuzungumza juu ya wakimbizi hao. Karibu kila mjumbe alisimama akasema pole, halafu akaeleza kwa nini kwao hakuna nafasi. Jamhuri ya Dominika peke yake ndiyo iliyojitolea kupokea watu wengi. Kenya yetu pia ilitajwa pale. Waingereza walisema wanaangalia kama wanaweza kuweka watu wachache huku. Na kweli walikuja wachache tu, mia kadhaa, kwa masharti ya pesa. Msichana mmoja, Stefanie Zweig, alifika 1938 akasoma shule ya bweni hapa Nakuru, na alipokuwa mtu mzima akaandika kitabu kuhusu maisha yale. Vita vilipoanza, serikali ya kikoloni iliwakamata wanaume wengi kati ya wakimbizi hao na kuwaweka kizuizini kama maadui, kwa kuwa walikuwa na karatasi za Kijerumani. Mtu amemkimbia Hitler, unamfunga kwa kuwa ametoka kwa Hitler.

Mei 1939 meli St. Louis ilifika Cuba na watu 937, karibu wote Wayahudi. Cuba ikawakataa isipokuwa wachache. Marekani nayo ikakataa. Meli ikarudi Ulaya, na watu 254 waliorudi nayo wakaja kufa mikononi mwa Wanazi. Nataka muone kwamba hakuna mtu katika serikali hizo aliyeshika panga. Walishika kalamu na mhuri tu.

Ureno ilikuwa chini ya Salazar. Tarehe 11 Novemba 1939 mabalozi wake wote walipata barua, Waraka namba 14. Uliwakataza kutoa viza bila idhini ya Lisbon kwa watu wasio na uraia, na kwa Wayahudi waliofukuzwa makwao. Sousa Mendes aliusoma kama wenzake.

Halafu ikaja Mei 1940. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji na Ufaransa, na watu wakakimbilia kusini kwa magari, baiskeli na miguu. Bordeaux ilifurika. Njia ya kutoka ilikuwa moja: upite Uhispania uingie Ureno, na bila viza ya Ureno hupiti. Watu walijaa ngazi za ofisi ya balozi, wakalala hapo hapo ili wasipoteze nafasi kwenye laini.

Karibu na sinagogi alikutana na rabi mmoja mkimbizi, Chaim Kruger, mwenye mke na watoto watano. Akawachukua nyumbani kwake, na akaomba Lisbon idhini ya viza zao. Lisbon ikakataa. Akamwambia rabi kwamba yeye na jamaa yake atawapa tu. Rabi naye akakataa! Hangeondoka na watoto wake huku ndugu zake wamelala barabarani.

Hapo balozi alivunjika. Alienda kitandani, akakaa siku tatu, akitoka jasho na kugaagaa, hataki kula. Alikuwa na miaka 54 na watoto wa kulisha, na alijua akikaidi atamwaga unga. Tarehe 17 Juni aliinuka, akanawa, akafungua mlango wa ofisi. Mwanawe alisimulia baadaye kwamba babake alisema amesikia sauti, ya dhamiri yake au ya Mungu. Akatangaza kwamba atampa viza kila anayetaka, bila kuuliza taifa wala dini, na bila malipo.

Walifanya kazi mchana na usiku. Rabi alikusanya pasipoti mikono mizima na kuzipeleka ndani, watoto wa balozi na mpwa wake wakisaidia. Sahihi yake ndefu ikafupishwa ikawa Mendes tu, mkono ulikuwa umechoka. Kisha akaenda Bayonne akafanya vivyo hivyo, kisha Hendaye mpakani, akisaini barabarani. Uhispania ilipoanza kuzikataa viza zake, inasimuliwa kwamba aliongoza msafara wa magari mpaka kizuizi kidogo kisicho na simu, ambako amri ilikuwa haijafika. Na ubalozi wa Uingereza pale Lisbon ulifanya nini? Ulipeleka malalamiko kwamba anaahirisha maombi ya viza mpaka baada ya saa za ofisi ili atoze ada ya ziada.

Wengi hutaja watu 30,000, Wayahudi 10,000 kati yao. Watafiti wengine wamehesabu upya wakapata wachache zaidi. Hata ukichukua hesabu ya chini, ni maelfu.

Sitaficha jambo lingine. Wakati huo huo alikuwa na uhusiano na mwanamke Mfaransa, Andrée Cibial, naye alimzalia binti 1940. Angelina aliumizwa, na mimi siitetei dhambi ile. Ila sitaki mniulize baadaye kwa nini niliwapa malaika.

Na nisiwe mtu wa kuhukumu. Januari 2008 nilikuwa nashika ufunguo wa ukumbi mmoja, siutaji. Watu walipita na magodoro kichwani, wengine wakielekea uwanja wa maonyesho Nakuru. Nilikuwa nimeambiwa nisifungue mpaka barua itoke. Barua ilitoka siku ya tatu. Siku hizo zote nilijiambia uamuzi si wangu, na usiku nikawasikia akina mama wakikohoa nje ya ukuta kwa baridi.

Yeye aliitwa nyumbani. Oktoba 1940 Salazar aliamua akae mwaka mmoja kwa nusu mshahara, kisha astaafishwe. Ureno ikasifiwa magazetini kwa ukarimu wake kwa wakimbizi, na sifa zikamwendea Salazar. Jamaa huyu na watoto wake wakawa wanakula kwenye jiko la msaada la Wayahudi mjini Lisbon. Alipata kiharusi. Angelina akafa 1948. Watoto wakatawanyika Afrika, Kanada na Marekani kutafuta riziki.

Najua sisi tunapenda ushuhuda unaoishia na gari jipya. Huu hauna gari. Aliomba, akatii, akaandika barua nyingi akitaka jina lake lisafishwe, na jibu halikuja akiwa hai. Ndiyo maana nimewapa Waebrania 11 mpaka ile mistari ya mwisho tunayoirukaga. Alikufa tarehe 3 Aprili 1954 katika hospitali ya Wafransisko mjini Lisbon, akazikwa amevaa kanzu ya watawa hao.

Bintiye Joana hakunyamaza, na mwaka 1966 Israeli ikamtambua babake kama Mwenye Haki kati ya Mataifa. Bunge la Ureno lilimsafisha 1988. Nyumba yao ya kijijini ilikuwa imeuzwa kulipa madeni, ikabaki gofu miaka mingi. Ilifunguliwa tena Julai 2024, kama makumbusho, miaka 70 baada ya yeye kuzikwa.