Martin Luther King: pasta mwenye alikufa mu mugomo wa watu wa takataka

Wandugu wafanyakazi, wamama na vijana wa kambi, jina la Martin Luther King munalijua. Redio inalitaja, wapasta wanalitaja mu mahubiri. Wengi wakilisikia wanafikiria ile hotuba ya Washington juu ya ndoto, na maneno inaishia pale. Sisi wa sendika tunaona kama wanatupatia nusu ya mutu. Nusu ingine ni hii: siku walimuua, alikuwa mu muji wa Memphis juu ya mugomo wa wafanyakazi wa kubeba takataka. Wale watu walikuwa wanaomba sendika yao itambuliwe, na muchango wa sendika ukatwe ku mushahara.

Tuanze kwa mwanzo basi.

Alizaliwa tarehe 15 mwezi wa kwanza 1929, katika Atlanta, kusini ya Marekani. Baba yake alikuwa pasta wa kanisa la Wabatisti la Ebenezer, na baba ya mama yake alikuwa pasta pale pale mbele yake. Haikukuwa nyumba ya njaa. Tuseme wazi, King hakuonja ule umasikini wenye alikuja kuupigania. Alisoma sana: aliingia chuo cha Morehouse na miaka 15, na mu 1955 akapata udaktari wa teolojia kule Boston. Mu 1953 alioa Coretta Scott. Wangeweza kubakia kule kaskazini, kwenye maisha ilikuwa rahisi kidogo kwa mutu mweusi mwenye masomo. Lakini mu 1954 walirudia kusini, mu Montgomery, ku kanisa la Dexter Avenue.

Kule sheria ilitenga watu kwa rangi. Shule mbali, bomba la maji mbali. Mu bisi mweusi anakaa nyuma, na mweupe akikosa kiti, mweusi anasimama. Tarehe 1 mwezi wa 12, 1955, mama moja mushonaji, Rosa Parks, alikatala kusimama na polisi wakamufunga. Mwenye alienda kumutosha ku buloko, watu wengi hawajui jina lake: E.D. Nixon, mufanyakazi wa treni, mwenye alitumikia wasafiri mu mabehewa ya kulala, na kiongozi mu sendika ya wale wafanyakazi. Ni yeye alianza kuita wapasta kwa simu. King alikuwa na miaka 26, mugeni mu muji, hajapata bado maadui. Njo maana walimuweka mbele. Siku 381 weusi wa Montgomery hawakupanda bisi. Walienda kazi na miguu, ao walibebana mu motokari za wandugu. Nyumba ya King ilitupiwa bombe, bibi yake na mutoto wakiwa ndani, lakini walipona. Mwisho, tribinali kubwa ya Marekani ilisema ile sheria ya bisi haina nguvu, na mwezi wa 12, 1956, watu walipanda na kukaa penye walipenda.

Kisha hapo miaka ilienda mbio. Mu 1957 yeye na wapasta wenzake walianzisha chama cha kupigania haki pasipo fimbo, na mwaka ule ule alifika Accra kuona Ghana ikipata uhuru. Mu 1963, katika Birmingham, muji wa viwanda vya chuma, alitiwa mu buloko, na polisi walitumia imbwa na maji ya nguvu ya kuzima moto juu ya watoto wa masomo. Mwezi wa 8 wa mwaka ule, watu karibu 250.000 walikusanyika Washington. Tusisahau jina la yale maandamano: yalikuwa ya Kazi na Uhuru, kazi ilitajwa mbele. Na mukubwa wake alikuwa A. Philip Randolph, muzee wa ile sendika ya treni. Mu 1964 sheria ilikataza ubaguzi mu hoteli na mu kazi. Mu 1965 ingine ikachunga haki ya weusi ya kupiga kura. King alipata zawadi ya Nobel ya amani na miaka 35, na feza zake akazipana ku mapambano.

Wengi wangepumuzika. Yeye alianza kuuliza maneno ya feza. Aliona kama mutu anaweza kupata ruhusa ya kuingia mu hoteli, lakini akikosa makuta ya kulipa chakula, ile ruhusa itamusaidia nini? Mu 1967 alisema waziwazi kama vita ya Vietnam ilikuwa mubaya. Magazeti yalimushambulia, Raisi Johnson akamukasirikia, na warafiki wamoja wakakaa mbali. FBI ilikuwa inasikiliza simu zake. Yeye alikuwa anatayarisha safari kubwa ya masikini wa rangi zote kwenda Washington.

Ni mule Memphis ikaingia. Tarehe 1 mwezi wa 2, 1968, mvua ilinyesha sana. Echol Cole na Robert Walker walikimbilia nyuma ya kamiyo, mule mwenye wanatupa takataka, kwa kujificha mvua. Mashini ya kukandamiza takataka ilijiwasha yenyewe ikawakamata. Walikufa wote wawili. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya zile kamiyo za zamani. Familia zao hazikukuwa na asiransi. Muji uliwapa mushahara wa mwezi moja na dola 500 za kuzika. Watu wa mugodi hawana lazima wafasiriwe hapa.

Siku zile zile, juu ya mvua, weusi 22 wa kazi ya mabomba ya maji machafu walirudishwa nyumbani karibu pasipo kulipwa, na weupe wakabakia wakilipwa. Tarehe 12, watu karibu 1.300 waliacha kazi. Aliyewapanga ni T.O. Jones, mubeba takataka mwenye alifukuzwa kazi mu 1963 juu ya sendika.

Meya Henry Loeb alisema ni mugomo wa kuvunja sheria. Maneno mawili hakutaka hata kuyasikia: kutambua sendika, na kukata muchango. Wenye wamefanya kazi ya sendika wanaelewa. Sendika yenye muchango wake unakatwa ku liste ya mushahara haiombe ruhusa ya kuishi. Sendika yenye inapita na bokasi mukononi kila mwisho wa mwezi, patron anangojea tu ichoke.

Wale watu waliandamana siku kwa siku mu mustari, kila moja na kibao chenye kusema paka kitu kimoja, kama yeye ni mutu. Wazee wenye wajukuu, na walilazimishwa kuandika ile.

Pasta James Lawson alimuita King. Watu wa kazi yake hawakutaka aende, walisema Memphis itachelewesha safari ya masikini. Alienda. Tarehe 18 mwezi wa 3 alisemea maelfu ya watu na akaomba muji muzima uache kazi siku moja. Tarehe 28 alirudia kutembea nao, lakini vijana wamoja walivunja vioo vya magazini, polisi wakaingia na fimbo na gazi, na kijana wa miaka 16, Larry Payne, akauawa na polisi. Magazeti yalicheka King: sasa iko wapi ile amani yake?

Angeweza kuacha. Alirudia tarehe 3 mwezi wa 4. Magaribi ile kulikuwa mvua na upepo mukali, alikuwa amechoka, hakutaka kutoka ku hoteli. Rafiki yake Abernathy alimupigia simu: watu wako, wanakungojea. Akaenda kusema nao. Kesho yake, kisha saa kumi na mbili ya magaribi kidogo, alipigwa risasi ku baraza ya hoteli Lorraine. Alikuwa na miaka 39. James Earl Ray alikubali kosa mu 1969 na akapewa miaka 99 ya kifungo.

Tarehe 8, mbele hata ya kuzika bwana yake, Coretta alikuja Memphis na watoto watatu, akatembea mbele ya makumi ya maelfu ya watu, kimya. Kesho yake, kule Atlanta, sanduku la King lilivutwa na nyumbu mu gari la watu wa shamba.

Tarehe 16 mapatano yalifanywa, kisha Johnson kutuma mutu wa wizara ya kazi. Sendika ilitambuliwa. Mushahara ulipanda senti 15 kwa saa, kwa mara mbili. Na muchango? Meya alikuwa angali hataki muji uukate, njo wakapata njia ya pembeni: upitie ku sanduku la akiba la wafanyakazi. Ulikatwa.

Pension ya muji haikuwafikia. Wamoja waliendelea kupanda kamiyo mpaka uzee. Ni mu 2017 tu, miaka 49 kisha mugomo, Memphis iliamua kutoa dola 50.000 kwa kila mugomaji wa 1968 mwenye alikuwa angali hai. Wengi ku wale 1.300 walikuwa wamekwisha kuzikwa.