Siti binti Saad na Kikundi Chake: Nasaba Isiyoandikwa kwa Damu

Hapana mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyelijua jina la Siti binti Saad. Wengi wetu tulikutana naye kwanza katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mwaka wa 1958. Tumezoea kumsoma kama mfano wa mtu mmoja aliyejikwamua kutoka katika ufukara kwa bidii na kipaji chake. Usomaji huo si wa makosa, ila una upungufu. Makala haya yanakusudia kuyatazama maisha ya Siti kwa kuuliza swali moja: je, mtu asiye na nasaba ya kujivunia alipata wapi watu wa kumwita wao? Jibu letu ni kwamba aliwapata katika kikundi.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka wa 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake ya Uzigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Ifahamike kwamba utumwa ulikuwa bado halali Unguja wakati huo, nao haukupigwa marufuku hadi mwaka wa 1897. Hata baada ya sheria hiyo, asili ya mtu iliendelea kumfuata mithili ya kivuli. Katika mji ambamo watu walipimwa kwa ukoo, rangi na ukaribu wao na Waarabu, msichana aitwaye Mtumwa alikuwa ameshahukumiwa kabla hajafumbua kinywa.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Siti alivichukua vyungu na kuvitembeza akiuza, na inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ilisikika kutoka mbali. Hakupelekwa chuoni alipokuwa mtoto. Mwaka wa 1911 aliiacha Fumba akahamia mjini, na huko alikutana na Ali Muhsin, aliyekuwa mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoundwa mwaka wa 1905. Ali Muhsin alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, naye akajifunza pia kusoma Kurani na matamshi ya Kiarabu. Ni katika kipindi hicho cha mjini ambapo jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, lilichukua nafasi ya Mtumwa.

Hata hivyo, jina jipya pekee halimfanyi mtu awe mwenyeji. Taarabu ya wakati ule ilikuwa mali ya jumba la kifalme na ya mabwana. Ilikuwa imeletwa kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu na wanaume. Mwanamke mweusi wa shamba hakuwa na mlango wa kuingilia humo. Wapinzani wake hawakukosa kumkumbusha hivyo. Waliusimanga uso wake, vyungu vyake na asili yake.

Mlango alifunguliwa na wenzake. Kikundi alichoimba nacho kilikuwa na Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Tukiwatazama mmoja mmoja tunaona mkusanyiko wa ajabu. Maalim Shaaban alikuwa mwalimu wa Kurani. Mbaruk alikuwa kipofu, naye alitoka kwetu Mombasa. Hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa kisiwa kimoja. Kilichowaunganisha ni udi, fidla, ngoma na lugha ya Kiswahili. Walipokutana Ng'ambo, mtaa wa walalahoi na wa waliotoka utumwani, waliunda udugu ambao haukuhitaji kuulizana babu ni nani. Huu ndio msingi wa hoja yetu: kabla Siti hajawa sauti ya Unguja, alikuwa mmoja katika watu watano walioaminiana.

Mwaka wa 1928 kikundi hiki kilisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Mwaka huo huo wakazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya viwanja. Sadfa hiyo ina maana kubwa, kwani mtaa uliokuwa ukikataa kunyonywa ndio uliokuwa ukisikika kwa mara ya kwanza katika santuri, tena kwa lugha yake wenyewe. Santuri hizo zilinunuliwa kote katika pwani ya Afrika Mashariki na kufika hata bara. Msikilizaji wa Mombasa aliisikia lugha yake katika chombo ambacho awali kilimletea sauti za Misri na Uhindi.

Nyimbo za kikundi hicho hazikuwa za mapenzi tu. Mojawapo ya zile zinazokumbukwa zaidi ni ule wa Kijiti, unaohusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alitoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa naye. Kwa kuuimba mkasa huo, Siti na wenzake waliifanya taarabu kuwa baraza ambapo hukumu ya mahakama ya wakoloni ilihukumiwa upya na wale wasiokuwa na wakili.

Wanawake wengine waliusikia wito huo. Baada ya muda, Unguja ilishuhudia vikundi vya taarabu vya wanawake wenyewe, kama Sahib el-Arry na Nuru el-Uyun. Havikuwa vya burudani tu. Wanachama walifaana katika harusi, uzazi na misiba.

Jambo hili si geni kwetu Mombasa. Kabla ya uhuru, vyama vya lelemama kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada viliwakusanya wanawake wa kisiwa hiki, waungwana na wenye asili ya utumwa, wakashindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa nyimbo za mafumbo. Aliyelelewa Tononoka, Majengo au Mji wa Kale anajua kwamba ukumbi wa harusi ya wanawake ni nchi nyingine. Buibui huvuliwa mlangoni, na huko ndani mwanamke huitwa shoga na mwenziwe, yaani rafiki wa moyo.

Neno hilo lina historia inayopaswa kutufikirisha sisi wanafunzi wa lugha. Gill Shepherd, katika utafiti wake kuhusu Mombasa uliochapishwa mwaka wa 1987, alionyesha kwamba katika mikusanyiko hiyo hiyo walikuwamo wanaume waliojulikana kwa jina la mashoga, waliokaa upande wa wanawake na kutumbuiza katika harusi zao, na pia wanawake waliopendana na wanawake. Walisengenywa, naam, lakini hawakukosa pahali katika shughuli. Leo neno la usuhuba limegeuzwa kuwa la kumtukania mtu barabarani, hata wanawake wengine wa Mombasa huona haya kulitumia mbele ya wageni. Jina la Mtumwa lilipanda likawa Siti. Jina la shoga limeshushwa. Katika hali zote mbili, thamani ya jina haikutokana na herufi zake bali na jinsi jamii ilivyoamua kumtendea mwenye jina.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amezungumza naye siku zake zikielekea ukingoni. Kumbukumbu yake haikufa naye: mwaka wa 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilianzisha jarida kikaliita Sauti ya Siti, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, aliendelea kuimba nyimbo zake mbele ya mataifa.

Ni rahisi kumheshimu Siti sasa, kwa kuwa ameshakuwa kitabu cha kiada. Ugumu ni kukumbuka kwamba enzi zake watu wenye heshima walimcheka, na kwamba waliomkaribisha ni kipofu, maalimu na wapiga ala wa Ng'ambo. Wahenga walinena kwamba mtu ni watu. Basi tunapoufundisha wasifu wake, tusiishie kuwauliza wanafunzi Siti alikuwa nani. Tuwaulize pia ni nani leo, katika mitaa yetu, anayetafuta kikundi cha kumpokea, na sisi tumesimama upande gani wa mlango.