Qin Shi Huang: kaisari aliyetafuta dawa ya kutokufa, kifo kikamukuta safarini

Wajapani wanasema furo fushi, Wakorea wanasema bullo bulsa. Maneno hayo yanaandikwa kwa herufi zile zile ine za Kichina, na maana yake ni moja: kutozeeka na kutokufa. Mutu anayejulikana zaidi kwa kutafuta jambo hilo ni Qin Shi Huang, kaisari wa kwanza wa Uchina.

Alizaliwa mwaka wa 259 mbele ya Yesu, akapata ufalme wa Qin akiwa na miaka 13. Mwaka wa 221, kisha kushinda falme zingine sita, aliunganisha inchi yote. Aliamuru watu watumie mwandiko mumoja, vipimo vya namna moja na feza za namna moja.

Adui mumoja tu ndiye alibakia: kifo. Mwanahistoria wa zamani Sima Qian anaeleza kwamba kaisari alimutuma Xu Fu baharini pamoja na maelfu ya vijana, wavulana na wasichana, watafute visiwa vya watu wasiokufa. Xu Fu hakuleta dawa hata siku moja. Mpaka leo, watu wa muji wa Shingu kule Japani na wa Seogwipo, Korea ya Kusini, wanasimulia kwamba alifika kwao.

Wakati huo kaisari aliendelea kujengewa kaburi. Karibu na kaburi hilo ndipo wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka wa 1974 walikuta askari wa udongo, ambao hesabu yao ni maelfu.

Kaisari hakupenda kusikia habari ya kifo, na wakubwa wake waliogopa kuitaja. Ndiyo sababu, alipokufa safarini mwaka wa 210, hakukuwa mutoto aliyetangazwa kuwa murizi wake. Li Si na Zhao Gao walificha kifo chake, wakapakia samaki katika magari ili harufu ya maiti isijulikane. Kisha waligeuza barua yake: mutoto mukubwa, Fusu, akaamuriwa ajiue, na mudogo wake Huhai akatawala.

Uasi ulianza mwaka uliofuata. Kaisari aliamini utawala wake ungefika vizazi elfu kumi. Tangu kuunganisha inchi, ulidumu miaka 15 tu.