Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba Hadi Santuri

Miezi mitatu sasa niko bara, kwa mwanangu wa Ruiru. Wachuuzi wa hapo na wa Thika walipopata habari kwamba mgeni wa pwani ni mtunga mashairi, walianza kunijia mmoja mmoja. Fundi cherehani ataka beti mbili za kuandika kwenye kibao chake. Muuza mitumba ataka maneno ya kuita wateja. Sikuwatoza hata ndururu, maana hao ni watu wanaokula kwa kile walichouza siku ile ile.

Nikatunga mpaka kisima kikakauka. Basi ikawa mama wawili wa Makongeni, mmoja muuza chapati na jirani yake muuza githeri, wametundika vibao vyao na kukuta vina ni vile vile na maneno karibu yale yale. Wakaja kuniambia, kwa adabu zote, kwamba watu wanawacheka na kila mmoja anamshuku mwenzake kumwibia. Niliona haya. Usiku ule sikulala, na aliyenijia moyoni ni marehemu Siti binti Saad.

Bibi huyu alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa na wazee wake lilikuwa Mtumwa. Baba alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua, watu wa jembe, na mama alikuwa pia mfinyanzi. Kazi ya binti ilikuwa kujitwika vyungu na kwenda navyo mjini kwa miguu, akivinadi mtaa kwa mtaa. Husimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla ya kuujua uso wake. Shule hakuiona. Mimi niliyepigwa bakora chuoni mpaka nikahitimu, nikilikumbuka hilo hunyamaa kidogo.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin, mtu wa muziki, alimfundisha kuimba pamoja na ala. Zama hizo taarabu ilikuwa mambo ya jumba la Sultani na wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, wakiwamo Mbaruk Effandi, Subeit Ambar, Budda Swedi na Maalim Shaaban, waliiimba kwa Kiswahili, na wakaifikisha kwa watu wa Ng'ambo.

Hapo ndipo penye siri niliyokuwa nikiitafuta. Nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa baraza la usiku. Watu wa kazi ndogo ndogo walikuja na habari za mtaa: nani kadhulumiwa, kesi ya nani imeamuliwa vipi. Kikundi kiliziteta habari hizo, kikazitia katika nyimbo. Ndivyo ulivyozaliwa ule wimbo wa Kijiti, juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Gazeti gani la siku hizo lingethubutu?

Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, akawa mwimbaji wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo. Walikuwapo waliomdhihaki kwa sura na asili yake. Naye aliwajibu kwa wimbo, kwamba lenye kutafutwa ni akili. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, Mwenyezi Mungu amrehemu, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Mimi nilikuwa nikitunga juu ya kitanda, mlango nimeufunga, kwa ajili ya biashara ambazo sijakaa nazo hata saa moja.

Kulipopambazuka nikapanda matatu hadi Makongeni. Nikawaomba radhi mama wale, kisha nikaomba kigoda. Nilikaa mpaka adhuhuri bila ya kalamu. Mwenye chapati huwawekea watoto wa shule zile zilizochanika, wala hawaulizi pesa. Mwenye githeri huwakopesha vibarua wa mjengo mpaka Jumamosi, na hesabu yote iko kichwani. Hayo sikuyajua.

Ubeti wa chapati umekwisha patikana na kibao kimepakwa rangi upya. Wa githeri, mizani za kibwagizo hazijatimia. Kesho nitarudi kukaa.