Mwalimu Nyerere na Neno la Chuki

Sisi tuliozaliwa Busale tunayajua maneno makali ya hadharani. Kila mzozo wa mpaka wa Ziwa Nyasa unapopamba moto, hakosekani mtu wa kusimama sokoni na kudai Wamalawi wafukuzwe, na huku ng'ambo ya Songwe wanaishi shangazi zetu. Mtu huyo anyamazishwe, au aachwe aseme kisha ajibiwe? Tulipoulizana hayo, tulirudi kwa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa 1943. Makerere alisoma maandiko ya John Stuart Mill, ambaye nasi tunahangaika naye mwaka huu. Alifundisha Tabora, kisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya TANU.

Januari 1958, huko Tabora, aliwashawishi wajumbe wakubali uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuanzisha African National Congress, chama kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Mwaka huohuo Nyerere mwenyewe alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika gazeti la Sauti ya TANU. Mahakama ya kikoloni ilimtia hatiani: alipe shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Alilipa. Ladha ya kuzibwa mdomo aliijua.

Oktoba 1961 Bunge lilijadili uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uwe wa Waafrika tu. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alisimama kwa hasira. Aliwaambia kwamba wakianza na rangi hawataishia hapo, watafika kwenye makabila, na akawakumbusha Hitler aliwafikisha wapi wanadamu. Aliahidi kwamba hoja yao ikipita, serikali yake itajiuzulu palepale. Hakuna aliyetolewa nje kwa maneno yake. Walijibiwa, wakashindwa.

Mtemvu naye aliachwa agombee urais mwaka 1962. Alipata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978 za Nyerere.

Hapa ndipo tunapokwama. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na Januari 1963 TANU ikaamua nchi iwe ya chama kimoja. Aliyeshinda kwa kishindo namna ile aliogopa nini? Wapo wenzetu wanaosema taifa lilikuwa changa, nyufa za kabila na dini zingelivunja. Tunawaelewa, lakini haitutoshi. Chuki ilikuwa imekwisha kushindwa kwa hoja na kwa kura, na mlango uliofungwa baadaye uliwafungia hata wasio na chuki na mtu. Kumwombea atangazwe mwenye heri hakutulazimishi kulificha hilo.

Mwenyewe, tangu 1990, alianza kuhimiza watu waujadili upya mfumo huo, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Mei Mosi 1995, katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, alikuwa raia asiye na polisi wa kumtuma. Aliwakemea wanaouliza kabila na dini ya mgombea, akawachekesha watu kwa upuuzi wa swali lenyewe. Baba zetu walimsikiliza redioni huku Busale. Tunaambiwa walicheka sana, kisha wakatazamana.