Papa Simon Kimbangu na Njia Asiyoichagua



Sisi wanadamu tunapanga mengi: kazi, ndoa, masomo ya watoto. Kisha ghafula jambo moja linatokea na mipango yote inaanguka. Hapo tunaanza kuuliza kama Mungu angali pamoja nasi. Ndiyo sababu leo tunataka kuyatazama tena maisha ya Papa Simon Kimbangu.

Alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka wa 1887. Mwaka wa 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Marie Muilu, katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe Lutete. Mwaka wa 1918, homa ya mafua ilipoua watu wengi, alisikia mwito wa Mungu. Hakuukubali upesi. Alikimbilia Kinshasa kutafuta kazi, lakini huko hakufanikiwa, akarudi kwao. Tazameni, wapendwa: mwito alioukimbia ulikuwa ukimngoja palepale Nkamba.

Tarehe 6 Aprili 1921 alimwombea mwanamke mgonjwa, naye akapona. Habari ikaenea pande zote. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu, wakabeba wagonjwa wao mpaka Nkamba. Wengi walitupa sanamu na dawa za uchawi. Serikali ya Wabelgiji ikaingiwa na hofu. Mwezi wa Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Angeweza kuendelea kujificha. Lakini mwezi wa Septemba alirudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa mikononi mwao.

Tarehe 3 Oktoba 1921, korti ya kijeshi ya Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Hakuwa na wakili. Kwa macho ya watu, yote yalikuwa yamekwisha. Lakini Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha.

Hapa tukae kidogo. Mungu alimwokoa na kifo, lakini mlango wa gereza haukufunguka. Alipelekwa mbali sana, Elisabethville, yaani Lubumbashi, katika inchi ya Katanga, mbali na Wakongo wenzake. Alikuwa amehubiri kwa miezi mitano tu. Akafungwa kwa miaka 30. Nani kati yetu angepanga hesabu ya namna hiyo?

Mama Muilu alibaki na watoto watatu. Mkubwa, Kisolokele, alikuwa na miaka kama 7, na mdogo, Diangienda, 3. Akailinda kazi kwa siri. Waamini wengi walihamishwa kwa nguvu mpaka majimbo ya mbali, nao wakapanda Neno kule walikotupwa. Serikali ilidhani inazima moto, kumbe inatawanya makaa.

Papa Simon alifariki gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuiona tena Nkamba kwa macho yake. Mwezi wa Desemba 1959 serikali ililikubali Kanisa, na mwaka wa 1960 mwili wake ulirudishwa nyumbani. Wale walioomba miaka yote ili arudi, walipokea sanduku. Tusifiche jambo hili. Maombi yao hayakujibiwa kama walivyotaka, lakini hayakupotea: walimzika kwao, waziwazi, wakiimba bila kumwogopa askari.

Basi wewe uliyefukuzwa kazi bila kutazamia, wewe uliyefiwa, wewe ambaye mtoto wako hajarudi: usiseme Mungu amepotea njia. Kumtumaini Mungu si kujua mambo yatakavyoisha. Ni kufanya leo kazi iliyo mkononi, kama Mama Muilu alivyofanya: kulea watoto, kuwakusanya wachache waliobaki, kuomba usiku, na kuamka tena asubuhi kwenda shambani.

Mungu awatie nguvu. Amina.