Daktari Codman na Kano za Bega

Muhula uliopita nilianguka katika mpira wa wavu nikaumia bega la kulia. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mzima, basi wenzangu bwenini wakasema nategea kazi, maana sikuweza hata kuinua ufagio. Juma la tatu daktari aliniita tena, akanipima kwa ultrasaundi, ukano ukaonekana umechanika. Nilipouliza ni nani aliyetangulia kushughulikia kano hizi, mwalimu wetu wa baiolojia alinitajia Ernest Amory Codman.

Codman alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1869. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 1895, mwaka ule ule Röntgen alipogundua eksirei huko Ujerumani. Kijana huyu aliishika kazi hiyo mpya kwa bidii, akawa mpiga picha wa hospitali ya watoto. Ilipojulikana kwamba miale huunguza, alikusanya habari za walioungua, akazitangaza mwaka 1902 ili wengine wajihadhari.

Lakini eksirei huonyesha mifupa. Kano ni laini, na miale huzipita kama ipitavyo nyama. Kwa hiyo Codman aliwapima wagonjwa kwa mikono yake, na mabega yaliyokataa kupona akayapasua. Mwaka 1909 alishona ukano uliokatika begani, na mwaka 1934 akatoa kitabu kizima juu ya bega.

Tabia yake moja imenivuta zaidi. Alitaka kila mgonjwa afuatwe baada ya matibabu, ijulikane kama amepona, na kama hakupona, kwa nini. Katika hospitali yake ndogo alitangaza makosa 123 kwa wagonjwa 337. Mwaka 1915 alionyesha mkutanoni kibonzo cha kuwadhihaki wakubwa wa Boston waliokataa kuhesabu makosa yao, na wengi wakamtenga. Alikufa mwaka 1940. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 2014.

Kama daktari wangu angaliridhika na picha ya kwanza, ningalirudi uwanjani na pengine kuukata ukano wote. Sasa naufanyia mazoezi taratibu, na mkono unafika usawa wa sikio. Ndugu wasomaji, mwenzenu akilalamika maumivu na picha isionyeshe kitu, msifanye haraka kumcheka. Mwulizeni tena kesho.